Tupeane uzoefu: shule yako ya msingi hapa Mombasa, majengo yake yalijengwa na nani?

Mwana wa Tononoka

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote wa humu.

Wiki iliyopita nilipita shule niliyosoma, si mbali na Tononoka, nikakuta lile jengo la kale lenye vigae vyekundu limezungushiwa mabati. Askari wa getini akaniambia linashushwa, patajengwa madarasa ya ghorofa ya sekondari msingi. Sina ugomvi na madarasa mapya. Tangu 2023 Gredi ya 7 iko papo hapo shule za msingi na watoto wanabanana. Lakini nilisimama nje pale kama robo saa nikijiuliza: hili jengo lilijengwa na nani? Nimesoma ndani yake miaka minane na sijui.

Nikaingia ofisini. Mwalimu mkuu wa sasa, mama mkarimu sana, akanifungulia kabati. Kitabu cha kale kabisa alichokuwa nacho ni rejista ya 1991. Vya kabla ya hapo vingine vimeliwa na mchwa, vingine vililowa mvua vikatupwa. Jina la shule silitaji kwa sasa, maana bado tunazungumza na kamati.

Basi naomba tupeane uzoefu. Shule yako, iwe kisiwani au ng'ambo: majengo yalikuwa ya namna gani, yalijengwa na nani, mlikaaje ndani yake, kipi kilibomoka na kipi kiliongezwa. Hata kama unakumbuka rangi ya mlango tu, andika.

Naanza mimi. Jengo letu lilikuwa madarasa manne kwa mstari, mbele baraza ndefu yenye nguzo nene, madirisha ya mbao yasiyo na vioo. Darasa la pili lilikuwa na kigae kimoja kilichotoboka. Jua likapita pale likaangukia sakafuni kama shilingi, likawa linasogea polepole, na likifika mguu wa meza ya mwalimu sote tulijua mapumziko yamekaribia. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti wa mkungu, na bawabu wetu alikipiga kwa bolti kubwa. Sauti yake ilifika hadi kwetu nyumbani. Mkungu haupo tena, na kengele sikuiona. Anayejua reli ile ilitoka wapi au iko wapi, tafadhali aniambie.

Binti Mvita

Umenikumbusha mbali, kaka.

Mimi ni wa Mji wa Kale. Kabla ya skuli nalianza chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kwenye daka la nyumba ya maalim wetu, twakaa juu ya mkeka, mbao zetu mapajani. Asubuhi skuli, alasiri chuo, na nguo hazikuwa hizo hizo. Kwa hivyo mimi nikisikia "darasa la kwanza" picha inayonijia ni lile daka, baridi ya sakafu na wapita njia wakitoa salamu.

Lakini nataka kuandika habari ya mamangu, aliyesoma miaka ya 50. Wakati ule wa ukoloni skuli zilipangwa kwa asili ya mtu: za Wazungu kwao, za Wahindi kwao, za Waarabu kwao, za Waafrika kwao. Mama asema asubuhi watoto wa nyumba tatu zilizopakana walitoka pamoja, wakafika pembe ya mtaa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Jioni wakacheza nage pamoja tena. Akaniambia, ukitaka kujua nani alithaminiwa na serikali ile usisome vitabu, tazama mapaa. Kuna waliopata mawe na vigae, na kuna waliopata kuta za udongo na makuti. Baada ya uhuru 1963 milango ilifunguliwa, lakini majengo yalibaki vile vile. Mimi nilipoingia skuli miaka ya 70 nilikaa kwenye darasa ambalo mamangu hakuruhusiwa kulikanyaga. Siku ya kwanza alinishika mkono hadi ndani, akagusa ukuta, akatoka bila kusema kitu.

Fundi Chokaa

Mwanangu wa Tononoka, mimi ni muashi, mwaka wa 36 huu, na nimetengeneza nyumba nyingi za Mji wa Kale tangu eneo lile lilipotangazwa la kuhifadhiwa mwaka 1990. Kwa ulivyoeleza nguzo na vigae, jengo lenu lafanana na yale ya kabla ya saruji kuwa ya kila mtu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji 1954. Kabla ya hapo saruji ilikuja na meli, na bei yake si ya kujengea shule ya watoto wa mtaa. Waashi walijengea chokaa.

Wataka kuhakikisha? Omba ruhusa uingie, chukua msumari ukwaruze kiungo kati ya mawe mawili. Ukiona unga mweupe wenye vipande vyeusi vya makaa na chembe za kauri, hiyo ni chokaa ya tanuri. Makaa yale ni ya tanuri lenyewe. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa usiku na mchana, kisha yakamwagiwa maji, jiwe likachemka lenyewe likageuka unga. Chokaa nzuri ilifukiwa miezi kabla ya kutumiwa. Babangu alikuwa akisema chokaa ya haraka ni ya fundi anayehama mji.

Halafu mwombe mtu ateremshe kigae kimoja ukitazame upande wa chini. Vigae vile vingi vilitoka Mangalore, India, na kila kiwanda kilipiga muhuri wake kwenye udongo ukiwa mbichi. Jina utalisoma wazi kama la jana.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Kila mwaka naitwa kutazama jengo la kale la shule, naambiwa "limeoza, tushushe". Nikitazama, kuta ni futi moja na nusu, nyengine mbili, zimesimama sawasawa. Kilichooza ni plasta. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi, nasi tuko kisiwani, chumvi iko kila mahali, kisha ule unyevu hutokea nje taratibu ukakauka kwa upepo. Miaka ya 80 na 90 wazazi wenye nia njema walichanga pesa wakapaka plasta ya saruji juu yake. Saruji ikaziba. Maji hayana pa kutokea, chumvi ikafura ndani, plasta ikabambatuka vipande vipande, na watu wakasema jengo limezeeka. Dawa yake ni kuibandua ile saruji yote, kuuacha ukuta ukauke msimu mzima, kisha kupaka chokaa kwa chokaa.

Na hayo madarasa mapya ya ghorofa, waambie kamati wasimame na mchanga. Mchanga wa ufuoni usiooshwa una chumvi. Chumvi hula nondo, kutu hufura, na zege linapasuka kutoka ndani. Nimeona nguzo ya miaka kumi na tano imefunguka kama embe.

Mwalimu Mstaafu

Fundi, nimesoma maneno yako ya mchanga mara mbili, na niko radhi niseme kilichonipata.

Nilianza kazi ya ualimu 1973 kwenye shule moja ya bara, upande wa Changamwe. Mwaka uliofuata, 1974, serikali iliondoa ada kwa darasa la kwanza hadi la nne. Jumatatu ile ya kwanza watoto walikuja wakajaa uwanja, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, wote wanataka kuandikishwa. Tulikuwa na vyumba sita. Ada iliondoka, lakini vyumba havikuongezeka, kwa hiyo ikaja michango ya ujenzi, harambee baada ya harambee, na mzazi mwingine akajikuta anatoa zaidi ya ile ada ya kwanza. Niliwaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mabati. Niliwarudisha mimi mwenyewe, kwa amri, na sura zao ninazo hadi leo.

Miaka ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali kwa watoto wa shule, kuanzia 1979, chumba chetu kimoja kiligeuzwa stoo ya zile pakiti za pembe tatu, darasa likahamia barazani. Hakuna mtoto aliyelalamika. Maziwa ni maziwa.

Kisha mfumo wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mwaka 1985 ndipo KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilipofanywa mara ya kwanza, na ilibidi kila shule ya msingi iwe na darasa la nane, na karakana ya useremala, na chumba cha sayansi kimu. Pesa hatukuwa nazo. Mwalimu mkuu akatoa agizo: kila Ijumaa kila mtoto alete jiwe moja, na wanaokaa karibu na maji walete kopo la mchanga. Mimi ndiye niliyesimama getini kuhesabu. Watoto wa miaka saba na kopo la Kimbo kichwani, mchanga bado umelowa maji ya bahari, matone yanawatiririka shingoni. Darasa lile lilisimama kabla ya muhula kwisha. Tulilipaka rangi ya samawati, tukachinja mbuzi.

Halikumaliza miaka kumi na tano kabla ya kupasuka. Nguzo ya pembeni ilitoa kutu, dari ikaanza kudondoka, tukalifunga. Nilikuwa nikidhani mkandarasi alituibia saruji, na nimemsema vibaya mtu yule mbele za watu. Leo ndiyo nimejua kwamba ule mchanga tuliukusanya wenyewe. Alishafariki. Nitakwenda kwa watoto wake.

Fundi Chokaa

Mwalimu wangu, pole. Wakati ule hata mafundi wengi hawakujua. Nami mikono yangu imechanganya mchanga ule ule.

Kijana wa Magongo

Shikamoo mwalimu, shikamoo fundi.

Mimi ni wa juzi, nimezaliwa 1994. Shule yetu ilikuwa ya asbesto paa zima, yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi. Kipande kikivunjika tulikifurahia, maana kinaandika sakafuni vizuri kuliko chaki. Tulichora nacho uwanja wa bano, tukakipuliza vumbi, tukaendelea. Asbesto ilipigwa marufuku nchini 2006, na mimi nilimaliza darasa la nane nikiwa bado chini yake. Sikujua kuwa vumbi lake linaharibu mapafu mpaka nilipofanya kazi ya ujenzi. Naomba kila mwenye mtoto ainue macho atazame paa la darasa la mwanawe.

Kuhusu ile reli: babu yangu alikuwa kibarua wa reli, na aliniambia shule nyingi za karibu na njia ya treni zilipata kengele zao hivyo. Reli ilianza kujengwa hapa hapa Mombasa 1896, na vipande vilivyokatwa au kuchakaa vilizagaa. Mzazi anayefanya kazi huko anakuja na kipande begani, basi shule ina kengele. Ukikipata, kisugue ubavuni. Reli nyingi zina herufi zilizoinuka zinazotaja kiwanda na mwaka. Hicho kinaweza kuwa kizee kuliko shule yenyewe.

Mzee wa Kengeleni

Nawapa salamu vijana wangu, na wewe mwalimu rika langu.

Ninyi mnatafuta kengele ya shule. Sisi kwetu kengele ndiyo iliyoupa mtaa jina. Leo utingo wa matatu anaita "Kengeleni! Kengeleni!" na abiria wengi hawageuzi hata shingo kuutazama ule mnara mdogo kando ya barabara.

Frere Town, ndiko iliko hiyo Kengeleni yetu, ilianzishwa na wamishonari wa CMS, chama cha kanisa la Kianglikana la Uingereza, katikati ya miaka ya 1870, baada ya mkataba wa 1873 uliomfanya Sultani Barghash wa Unguja apige marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi, na watu waliokombolewa wakateremshwa pale ng'ambo ya kisiwa. Wengine walitangulia kutoka India, Waafrika waliokombolewa utotoni wakasomeshwa huko Nasik. Wale ndio waliokuwa walimu, maseremala na waashi wa kwanza. Babu wa babangu aliteremka kutoka jahazi akiwa kijana asiyejua jina la kwao. Alipewa jina, akapewa shamba, akafundishwa herufi na useremala siku zile zile. Tumepokezana kwamba darasa aliloanza kusomea ndilo aliloshika msumeno kulijengea.

Na kengele, wazee walitusimulia, ilipigwa kuwaonya watu, kwa sababu wenye watumwa hawakukubali kupoteza mali, na walikuwa karibu. Mtoto wa Kengeleni alijifunza mapema kuwa kengele ina kazi mbili. Nilipokuwa darasa la kwanza na ya shule ikilia, bibi alikuwa akisimama jikoni kidogo, mwiko mkononi, halafu ndipo anaendelea kupika.

Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nne, ule wa kuchuja, ambao wengi wetu waliishia hapo. Vyumba vya mbele vilikuwa vichache, basi. Watu husema fulani "hakuwa na kichwa". Hakukuwa na chumba.

Msomaji wa Kizingo

Si shule ya msingi, mniwie radhi, lakini inaingia. Allidina Visram, iliyopewa jina la mfanyabiashara yule mkubwa, ipo pale inapotazama bahari. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili, jengo la shule lilichukuliwa na Waingereza. Kundi la manowari zao za mashariki lilikuwa limehamia Kilindini, na ndani ya madarasa yale wakakaa wataalamu waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Fikiria, ubao ule ule, chaki ile ile. Nasikitika kwamba wengi wetu tumepita pale miaka nenda miaka rudi bila kuambiwa.

Dada wa Likoni

Yangu ni mafupi. Vurugu za Likoni zilianza Agosti 1997, shule zikiwa zimefungwa. Watu walikimbia usiku, wengine wakalala kanisani, wengine wakavuka feri na walichoshika mkononi. Tulipofungua muhula wa tatu madawati yalikuwa mengi kuliko watoto. Darasani kwetu kila dawati lilikuwa la watu watatu, na kwa mara ya kwanza nilikaa peke yangu. Jina la rafiki yangu lilikuwa limechongwa kwa bikari upande wake. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mvua za El Nino zikashuka, ukuta wa nyuma ukaanguka, madawati yakatolewa nje yakalowa yakavimba. Lile lilichomwa pamoja na mengine. Nililia siku ile kuliko nilivyolia Agosti.

Mama wa Kisauni

Kwetu jengo lipo, uwanja ndio haupo. Kila likizo ikifunguliwa ukuta wa jirani ulikuwa umesogea. Tulipouliza tukaambiwa shule haina hati ya kiwanja, na kweli haikuwa nayo. Ilijengwa na wazee kwa maneno na dua. Akina mama tukasimama mbele ya tingatinga siku mbili na watoto wetu. Kilichobaki ni nusu. Kwa hiyo, kaka wa Tononoka, ukimaliza kuuliza jengo lilijengwa na nani, ulizia na hati.

Mwalimu Mstaafu

Mama wa Kisauni amesema kweli tupu.

Naongeza kitu kimoja kabla sijalala. Januari 2003, elimu ya bure ilipotangazwa, nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Darasa la kwanza nilipokea watoto 112. Mmoja alikuwa na ndevu zinaanza kuota, alikuwa akisukuma mkokoteni Kongowea. Aliomba akae nyuma, mlangoni, ili asiwazibe wadogo. Tulisomea chini ya mwembe, kwa sababu darasa la mchanga wa bahari lilikuwa limefungwa. Nilikuwa nikilitazama kila siku lile kufuli.

Mwana wa Tononoka

Nimerudi na habari. Leo asubuhi nilifanya kama Fundi alivyoniambia. Ni chokaa, na makaa yamo, meusi kabisa. Kigae tumekiteremsha na kweli kina muhuri wa Mangalore. Mwalimu mkuu amekiweka mezani kwake na ameomba kamati wakutane tena kabla kazi haijaendelea. Hawajakubali wala hawajakataa. Hati ya kiwanja nimeiulizia pia, wanatafuta.

Nani aliyejenga bado sijui.

Bint Bawabu

Samahani, mimi huwa nasoma tu, siandiki.

Bawabu unayemtaja ni babangu. Amefariki 2009, Mungu amrehemu. Mkungu ulikatwa walipojenga vyoo vipya, na chuma chakavu kilikuwa kikiuzwa, kwa hiyo aliibeba ile reli kwa mkokoteni akaja nayo nyumbani Mishomoroni. Alisema anaiweka mpaka wapande mti mwingine wa kuitundikia. Alikuwa akiuliza kila mwaka kama wamepanda. Sasa tumezuilia mlango wa banda la kuku.

Baada ya kusoma haya nimeisugua ubavuni kwa brashi ya waya. Kuna herufi sizijui, kisha 19, halafu kutu.

Na kuhusu waliojenga, babangu alikuwa akimtaja muashi mmoja aliyekuwa akija kila Idi kuutazama ukuta. Mamangu angali hai na anakumbuka alikokuwa akiishi.

Mwana wa Tononoka

Dadangu, Mungu akulipe. Usiisugue tena, tafadhali. Mpe mama shikamoo yangu. Naweza kuja Jumamosi baada ya alasiri?

Bint Bawabu

Karibu. Mama asema uje na mkate wa mofa.

Fundi Chokaa

Nami nitakuja, nitaleta mafuta ya taa ya kulainishia hiyo kutu. Huyo muashi wa Idi, mwulizeni mama kama alikuwa na kidole kimoja kilichokatika.